Kura ya Debora

Siku tulipoanua tanga la mama tulikuwa watu wanane uani kwetu Kwamndolwa. Alikuwepo Bibi, mzaa mama, ameketi kwenye mkeka miguu imenyooshwa. Alikuwepo Baba mdogo Elia, mwinjilisti kutoka Chanika kule Handeni, ndani ya koti la kaki lenye vifungo visivyofanana. Alikuwepo Shangazi Veronika wa Old Korogwe, aliyetuletea soda, na Mjomba Yakobo, kaka yake mama, aliyetoka pori la Handeni akinuka moshi na maziwa. Mzee Sefu, jirani yetu, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Halafu sisi watatu: mimi Naomi, miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Samweli, miaka tisa, na Debora, miaka sita. Upepo ulileta harufu ya mkonge uliokamuliwa, ule uchachu mkali ambao baba alirudi nao kwenye nguo kila jioni mpaka alipofariki, miaka miwili kabla ya mama.

Kilichokuwa mbele yetu ni kugawanywa. Hakuna aliyeweza, au aliyetaka, kuchukua watoto watatu kwa pamoja. Asubuhi nzima watu wazima walinong'ona nyuma ya nyumba, na kila mmoja alirudi uani na sababu zake. Bibi alikuwa haoni vizuri na chumba chake kimoja alilala humo na mbuzi. Mzee Sefu alishauri tuachwe pale pale nyumbani, mimi nipike, na wake zake wawe wanatupitia. Ndipo Baba mdogo aliposimama, akakohoa kama anavyokohoa kanisani kabla ya mahubiri. Alisema Mungu alitujua kabla hatujatungwa mimba. Aliijua siku ya kuzaliwa kwetu, siku ya kufa kwa mama, na nyumba ambamo kila mmoja wetu angelala baada ya hapo. Mambo hayo yalikwisha kuamuliwa, alisema, na binadamu anayekaa kuyachagua upya anamfundisha Mungu kazi. Kwa hiyo tungepiga kura, kama mitume walivyofanya, kwa karatasi ndani ya kikapu cha mayai cha Bibi, na kura ingetuonyesha tu kile kilichopangwa tangu awali. Watu wazima waliitikia amina kwa haraka ambayo sikuielewa wakati ule. Sasa naielewa. Kura iliwaondolea mzigo wa kusema mbele ya watoto: huyu simtaki.

"Mwinjilisti," alisema Mzee Sefu, "hata sisi Waislamu tunaamini kadari. Lakini hii yenu ya kuchanganywa kwenye kikapu cha mayai ndiyo kwanza naiona."

"Sefu, umekuja kuhani au kuhubiri?" Bibi alimkata.

"Nimekuja kula wali, mama. Mahubiri nimeyakuta hapa hapa."

Mjomba Yakobo peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha puani. Kicheko kile kilinitisha. Mjomba alikuwa na kovu refu shavuni, alizungumza kwa nadra, na kwake tulikuwa hatujawahi kufika. Tulijua maneno tu: kwamba maji huko huchotwa mwendo wa nusu siku, kwamba fisi hulia nyuma ya nyumba, kwamba majirani zake ni Wamasai na ng'ombe wao, na kwamba mkewe alikufa naye hakuoa tena. Shangazi Veronika, yeye, alikuwa na nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, cherehani, na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mikono yake ilinukia sabuni. Siku zote za matanga Debora alilala mapajani mwake.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa shuleni, nilipewa mimi kazi ya kuandika. Nilichana karatasi ya daftari vipande vitatu nikaandika: Shangazi, Baba mdogo, Mjomba. Nilivikunja nikavitia kikapuni. Baba mdogo akatoa utaratibu. Mdogo angeanza kwa sababu hana hila. Kila karatasi ikitoka ningeisoma kwa sauti, kisha ningeitupa kwenye moto wa jikoni, ili mtu asije baadaye akadai irudiwe, maana Mungu hapigiwi kura mara mbili. Alifumba macho kuomba, na wengine wote wakafumba. Debora akaingiza mkono wake wa kulia kikapuni, akatoa karatasi, akanipa huku akitabasamu kana kwamba tunacheza. Niliifungua. Ilikuwa imeandikwa Mjomba. Nilisoma, "Shangazi."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilikwenda jikoni nikaitupa motoni, nikarudi. Samweli alitoa Baba mdogo, nikaisoma kama ilivyo. Ya mwisho ilikuwa yangu, nami nikatamka "Mjomba" juu ya karatasi iliyoandikwa Shangazi. Wakati ule nilijiona shujaa. Nilikuwa nimemkinga mdogo wangu na fisi na kiu, nikaingia mimi mahali pake. Baba mdogo alinyanyua mikono, akasema, "Mmeona? Mwenye nguvu amepelekwa porini, mdogo amepelekwa penye kitanda. Mungu hakosei." Wote wakasema amina, nami nikaitikia pamoja nao.

Mjomba Yakobo hakuwa na neno zuri hata moja la kumwambia mtoto, lakini hakunipiga siku hata moja. Maji kweli yalikuwa mbali. Aliyafuata mwenyewe na punda, alfajiri, mimi nikiwa bado nimelala. Mama mmoja wa Kimasai alinijazia kibuyu cha maziwa kila asubuhi, akaniita binti yake mbele ya watu. Nilinenepa. Shule ndiyo iliyokatika, kwa kuwa iliyokuwepo ilikuwa mbali mno kwenda na kurudi, nami nilikuwa nimeanza kufikiria mahindi na mbuzi ambao wangeniwezesha kuwakusanya wadogo zangu tena. Mahali pale palikuwa pa Debora. Kila kikombe cha maziwa nilichokunywa kilikuwa chake.

Naye Debora, kule Old Korogwe, alikuwa amekwisha kuhamishwa kutoka mapajani hadi jikoni. Shangazi alipika maandazi ya kuuza, na kabla mwaka haujaisha Debora ndiye aliyekanda unga, aliyechota maji, aliyekaa na sinia mlangoni. Shuleni alikwenda siku ambazo maandazi yaliwahi kwisha. Alipokuwa na miaka minane karai la mafuta lilipinduka. Habari zilinifikia baada ya wiki tatu, kwa mdomo wa dereva wa lori la mkaa. Nilipofika nilimkuta amekaa kizingitini, mkono wa kulia umefungwa kanga, vidole vimeshikana kama mbegu za boga. "Shikamoo dada," aliniambia, kana kwamba nimepita kusalimia tu. Shangazi alilia sana. Alisema ni mapenzi ya Mungu.

Nilimchukua siku ile ile, nikarudi naye porini. Mjomba alisogeza kitanda chake kwenye chumba cha nje, basi. Mwaka uliofuata nikamfuata Samweli pia. Nimewalea wote wawili, kwanza kwa Mjomba, kisha hapa Kwamndolwa tuliporudi nyumbani kwetu. Nimelima, nimebeba mkaa, nimefuga, nimekataa wachumba wawili walionitaka mimi bila wadogo zangu. Watu wa hapa husema Naomi amelipa kila alichopaswa kulipa duniani. Huwa nawaacha waseme.

Miaka michache iliyopita, Baba mdogo akiwa mzee na ameanza kuvimba miguu, nilikwenda Chanika nikamweleza yote. Alipapasa vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Mungu alijua kwamba utadanganya," alisema hatimaye.

"Na mafuta, Baba mdogo? Aliyajua?"

"Aliyajua. Lakini kujua si kusukuma, mwanangu."

"Mtu akikaa jikoni, akaona karai linapinduka juu ya mtoto, akanyamaza, tunamwitaje?"

"Usimpime Mungu kwa mizani ya jikoni."

"Ndiyo mizani niliyo nayo. Shule niliiacha."

Alitikisa kichwa. Kisha alinishika mkono. "Siku ile niliomba karatasi yangu isitoke, ingawa nilijua zote tatu zitatoka," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho naomba hilo tu. Usimwambie Debora. Imani ya mtoto yule imesimama hapo." Nilishindwa kujua alikuwa anamlinda nani. Alifariki mvua zilizofuata, nami nikamzika kwa heshima zote, kwa sababu Samweli alimpenda.

Maana imani ya Debora kweli imesimama hapo. Leo ni mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea, na Jumapili hufundisha watoto kanisani kwetu hapa Kwamndolwa. Huwaonyesha mkono wake bila aibu. Huwaambia kwamba Mungu alimchagulia nyumba ile na moto ule kabla hajazaliwa, kwa kusudi, na kwamba angeuliza kwa nini mimi, angekuwa amekwisha kufa kwa uchungu. Nimeketi benchi la nyuma nikisikia hayo. Jumapili moja alinisimamisha. "Huyu ndiye dada yangu aliyesoma kura yangu," aliwaambia, na watoto wakapiga makofi.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Dada, siku ile uliposoma 'Shangazi' ulijisikiaje?"

"Nilifurahi," nikamjibu. Ni kweli, nilifurahi.

"Nilijua tu," alisema, akanishika kiwiko kwa ule mkono.

Wakati ule niliweza kuongopa bila sauti kutetemeka kwa sababu nilidhani ninajua mbele kuna nini. Siku hizi sijui kitu, na ukweli ninao, na siwezi kuutamka. Kama kura ile ilikuwa neno la Mungu, basi nilimnyang'anya mdogo wangu alichopewa, nikakila mimi. Kama Mungu alikwisha kujua kwamba nitamnyang'anya, akanipa kikapu nikishike hivyo hivyo, basi nami nina swali langu Kwake, na hajanijibu. Nikimwambia Debora, nitakuwa nimemwondolea kitu pekee kilichomtuliza mkono ulipokuwa ukiuma. Nisipomwambia, naendelea kupigiwa makofi. Kila Jumapili nafunga kanga yangu nikisema leo. Kila Jumapili jioni tunarudi pamoja, tunaongea bei ya mahindi na watoto wa Samweli, tunafika mlangoni, ananiambia lala salama dada. Debora ananidai, naye hajui.