Nilizima mashini ya bwana yangu

Kosa ni langu. Musinitafutie sababu, hapana! Nilimuzima bwana yangu na akili zangu zote.

Ugonjwa wa Parkinson ulimushika miaka mingi hapa Butembo. Mikono inatetemeka, miguu inakatala kuanza. Kinini alizomeza zilishindwa. Nilimulisha, nilimuogesha, na, niseme kweli, nilimutawala. Mu nyumba kulibakia neno langu tu, na nilipenda vile!

Kisha Masika, binti yetu mukubwa, akamupeleka India. Badaktari bakaingiza nyuzi nyembamba mu bongo, bakaficha mashini kidogo chini ya ngozi ya kifua. Ndiyo inatuma umeme mu zile nyuzi. Haikumuponyesha, lakini mwili uliacha kukauka na kutetemeka. Alirudia Butembo na telekomandi yake, ya kuwasha na kuzima ile mashini.

Akatembea! Akafunga vifungo vya shati yeye mwenyewe! Akaanza kushuka muji wa Beni kila wiki. Batu bakaniambia eko na mwanamuke kule, mujane mwenye shamba ya kakao.

Asubuhi moja akavaa koti.

"Unaenda wapi?"

"Beni."

Telekomandi ilikuwa ku meza. Nikafinya ya kuzima.

Mukono ulianza kutetemeka. Kisha akakauka penye mulango, mate inashuka.

"Mama Masika... washa."

"Ule wa Beni akuwashe!"

Nikaketi mbele yake, nikamenya viazi. Eeh, Mungu Nyamuhanga! Nilikuwa nacheka! Sura yake haikuweza hata kukunjika. Machozi tu ndiyo ilitoka.

Akajaribu kunifikia, akaanguka ku simenti. Nyonga ikavunjika. Nikawasha mbio. Mikono ikatulia, lakini mufupa si umeme!

Masika akafika. "Mama, alianguka namna gani?"

"Aliteleza."

Baba yake akamuangalia: "Alinizima."

Siku ile ile Masika akamutoa kwangu. Leo eko Beni, kwa mujane ule. Kama mbele ya pale walikuwa na mapenzi, sijue. Sikuuliza mutu. Batoto hawanisalimie tena, hata ku kanisa.

Juzi nilishuka kuomba pardon. Mujane akanikaribisha vizuri, akataka atuache tuongee. Bwana yangu, mutu niliyezaa naye batoto sita, akamushika kitenge:

"Usitoke. Usiniache naye."

Bamama wenzangu, baba pia, munaouguza mutu: mwili wake hauko wako! Siku hasira inakupanda, muite jirani, utoke inje, uende hata ku shamba. Miye nilibakia ndani, nikimenya viazi.