Picha nilizopeleka mahakamani ili baba wa mtoto wangu aonekane hafai

Admin, nifiche vizuri, maana Butembo ni ndogo na wateja wangu wote wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nakaa Bulengera, nauza vitenge. Nina mtoto mmoja, msichana wa miaka saba, hapa nimwite Masika. Anaishi Beni, mtaa wa Ruwenzori, na baba yake. Huyo baba ndiye kisa chenyewe.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Mpole, eti. Watu wakimsifia upole huwa nacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na upole huo. Nilikuwa nikienda Kampala kuchukua mali, na nikirudi namkuta ameinamia sufuria ya sombe, kitenge changu amejifunga kiunoni. Wanaume wenzake wakimcheka, naye anacheka pamoja nao! Siku moja mama yangu alitutembelea, akayaona, akanivuta pembeni: "Binti yangu, weye uliolewa ao ulioa?" Mwaka uleule niliondoka.

Masika alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa barabarani kila wiki, basi akabaki kwa baba. Sasa nimejenga, nina vyumba vinne na dada wa kazi, nikaenda kumchukua mwanangu. Yule mpole, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasema hapana. Nikamshtaki kwenye tribunal ya watoto. Avocat, wakili wangu, akanieleza kwamba nikitaka kushinda, lazima nionyeshe baba hafai kulea. Nikamwambia hiyo kazi ni ndogo kuliko kumeza mate.

Kila Jumamosi nikawa napanda gari kwenda Beni "kumwona mtoto", simu mkononi. Nikampiga picha amekaa kwenye kibao, Masika katikati ya magoti yake, anamsuka nywele. Mwanaume mzima, kitana amekibana mdomoni! Nikampiga nyingine bombani kwenye foleni ya wamama, anafua nguo za ndani za mtoto kwenye beseni. Picha niliyoipenda zaidi ni ile ya siku Masika aliposhikwa na homa: amembeba mgongoni kwa kitenge, kama mwanamke, anapita mbele ya watu wote kwenda kwenye kituo cha afya. Mimi nilikuwa nyuma yao, napiga. Alipogundua, hata hakukasirika. Alisema tu, "Piga, lakini chunga usikate kichwa ya mutoto."

Nikazitoa kwenye karatasi kubwa, nikazipanga ndani ya album ya ngozi nyekundu, kama za arusi. Avocat alifungua kurasa mbili, akakohoa, akaniuliza kama nina ushahidi mwingine. Nilimwona mjinga. Nikajiambia: acheni wenyewe waone mwanaume gani anataka kumlea binti yangu.

Siku ya kesi ilipofika, juge, yaani hakimu, alikuwa mama wa makamo. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, polepole. Nilimwangalia yule mwanaume, amevaa koti lake la kila siku, nikatabasamu. Kisha juge akainua macho.

"Mama, hizi mafoto ni weye uliyezileta?"

"Ndiyo, ni miye, madame la juge."

"Hii ya mutoto mugonjwa. Siku ile weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilikuwa napiga foto."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma. Juge alifunga album, akampa baba wa Masika aishike, akasema atamtuma assistant social, mtu wa ustawi wa jamii, atembelee nyumba zote mbili, turudi baada ya wiki tatu. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na mimi niliupiga kwa mikono miwili. Nje, Masika alikokuwa akitungoja, nikamwomba nimsuke, angalau watu waone. Akajifunika kichwa kwa mikono: "Hapana, mama. Papa anasukaka polepole." Nilimchukia baba yake siku ile kuliko siku zote.

Sasa nije kwenye lililonileta kwenu. Kaka yangu mkubwa amesema nisihangaike na picha. Amepata watu wawili kule Beni, watasema kwamba yule mwalimu anawapelekea chakula watu wa porini, wale wanaotuua mashambani. "Neno moja tu, dada," alisema. "Hata juge hatauliza mara ya pili. Mutoto atakuja mwenyewe." Ninyi mlio mbali labda hamuelewi. Beni, mtu akitajwa pamoja na hao asubuhi, jioni anaweza kuwa hayupo. Wenye hasira hawangoji mahakama, na sisi sote tumezika, kwa hiyo siwalaumu.

Na ninajua ni uongo. Mtu yule anaogopa hata kumchinja kuku. Siku ya Noeli jirani ndiye anayemchinjia, yeye anageuza uso. Huyo ndiye apeleke chakula kwa wauaji?

Wale wa kuniambia nimrudie, nyamazeni, simtaki hata kwa kuzawadiwa. Wale wa kuniambia nisamehe, hajanikosea kitu, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Namtaka mtoto wangu. Sijui namna nyingine ya kumpata, na nikimkosa sasa, atakua akinijua kama mgeni wa Jumamosi mwenye simu.

Karatasi ya ushahidi huo iko mezani kwangu ninapoandika haya. Wale wawili wameshatia sahihi, kaka anakuja kuichukua Jumatatu. Imebaki ya kwangu tu. Nishaurini, nifanye nini?