Matanga ya Nyumba Yetu ya Stesheni

Wajukuu wangu wakinipeleka Kilosa mjini hunionyesha majengo na kuniuliza, "Bibi, enzi zenu kulikuwa na ghorofa?" Nawajibu lilikuwepo, tena limejengwa juu ya jiko letu. Kabla ya kulijenga ilibidi nyumba yetu ife kwanza. Nasema ife, sisemi ivunjwe, na wasinikosoe, maana mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, wakati mkonge ndio ulikuwa kila kitu. Ukitoka Kilosa kwenda Kimamba ulikuwa huoni kingine ila mkonge, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Nyumba yetu ilitazamana na stesheni ya reli. Ilikuwa ya fito na udongo, na paa lake la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigwa bapa. Mvua ikinyesha, mle ndani hamkusikilizana. Baba alikuwa kibarua wa reli. Alikufa kwa homa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akamwachia Mama mtoto mmoja na sufuria kadhaa. Mama alikuwa Mnyamwezi, amefuatana naye kutoka Tabora, hana ndugu Kilosa nzima. Hakurudi kwao. Alifungua mgahawa mle sebuleni, akauza chai, mandazi na maharage, na kwa huo mgahawa tuliishi.

Wateja wetu wakubwa walikuwa manamba, yaani wale watu wa mkataba walioletwa mashambani kukata mkonge. Walikuwa wa makabila yote. Wakimaliza kipande chao, ile kadi ya siku thelathini za kazi, na kulipwa, walimiminika mjini, na wengi walianzia kwetu kabla ya kufika kwenye pombe. Mama aliwalisha na kuwagombeza. "Kula kwanza, ndipo ukapotee," aliwaambia. Walimwita dada, na walimwogopa.

Lakini mteja niliyempenda mimi alikuwa nyapara mmoja wa vibarua wa mjini, wale waliozibua mifereji na kutengeneza barabara. Alikuwa Mzaramo, mrefu, mwembamba, shingoni amening'iniza filimbi ya kazi. Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, ndiye anayefika wa kwanza. Anashika kaburi, anashika maiti, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Basi hawa wawili walikuwa wakianza kutaniana asubuhi.

"Chai yako hii, mpagazi, umeoshea miguu?"

"Nimeoshea yangu. Ya kwako ingehitaji mto Mkondoa mzima."

Mimi nilicheka kila siku kana kwamba sijawahi kuyasikia. Nikimwamkia shikamoo alinijibu marahaba vizuri kabisa, kisha ananiuliza kama mama yangu amekwisha kuniuza.

Ndipo habari ya ghorofa ikaja. Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, alitaka mji wake upendeze kwa watu wanaoshuka kwenye treni. Safu yetu yote ya vibanda ilitakiwa kuondoka, pajengwe jengo moja la mawe: chini maduka, katikati maofisi, juu kabisa watu wanalala. Ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Leo mtacheka, lakini kwetu sisi hilo lilikuwa linagusa mbingu. Wanawake kisimani walijadiliana sana. Mmoja aliuliza, huyo atakayelala juu ya duka la mwenzake, mtoto akikojoa kitandani itakuwaje?

Majirani zetu walihama mapema. Mama alipewa kiwanja kule ng'ambo ya pili ya soko, akanunua nguzo na fito zilizotoka njia ya Mikumi, akasimamisha mifupa ya nyumba. Hapo akasimama. Nyumba ya udongo haikandikwi na mwanamke mmoja na binti yake. Inataka watu wengi siku moja, wa kuchota maji, wa kukanyaga udongo, wa kurusha. Watu wa Mama walikuwa manamba, na manamba walikuwa katikati ya vipande vyao. Yeye akasema, "Nitawangoja wamalize. Bwana Shauri mwenyewe amesema mpaka baada ya mvua." Kosa lake ndilo hilo, kuyaamini maneno ya serikali kama maneno ya jirani.

Maana kabla hata ya mvua amri iligeuka. Mawe yalikwisha fika kwa treni, na kontrakta alitaka pa kuyaweka. Tukaambiwa kesho asubuhi. Wingu limekwisha kutanda juu ya milima ya Ukaguru, na sisi nyumba mpya haina ukuta wala paa. Tungelala wapi? Angepikia wapi? Mgahawa ukifa wiki moja, wateja wanazoea kwingine, na Mama hakuwa na kitu kingine chochote duniani. Jioni ile nilimwona amekaa kwenye kizingiti, mikono mapajani. Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kulipopambazuka aliamka mtu mwingine. Alitoa jamvi akalitandika uani. Alijifunga kanga kiunoni, akajifunika nyingine kichwani, akaniambia, "Nenda kawaambie wanawake kwamba nimefiwa." Nikamuuliza nani. "Wewe waambie, wakija wataona." Wakaja kweli, na kuni na unga, kama inavyopasa. Walipoambiwa marehemu ni nyumba walitazamana. Kisha bibi mmoja wa Kikaguru kutoka Mamboya, Mkristo wa misheni mwenye heshima zake, akavua viatu akaketi jamvini. "Nyumba hii imenilisha siku nilipokosa treni," akasema. "Poleni." Wengine wakaketi.

Vibarua wakafika na sururu na nyundo, nyapara mbele. Waliona moto uani, waliona wanawake wamejitanda. Mtu wa kwetu hapiti penye msiba na jembe begani. Wote walishusha vyombo chini, wakavua kofia.

"Poleni," nyapara akasema. "Nani?"

"Nyumba yangu," Mama akamjibu. "Nimeambiwa afe leo. Basi nimefiwa, na mtani wangu ni wewe. Mzaramo, utamzika kabla ndugu zake hawajalia?"

Jamani, nilimwona mtu yule anavyofikiri. Wote walimtazama, wanawake upande huu, vibarua upande ule. Angeweza kucheka tu na kusema ondokeni akina mama, tuna kazi. Alikuwa na filimbi shingoni na unyapara alioupata kwa jasho la miaka. Kisha aliivua ile filimbi, akaitia mfukoni, akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa amejifunga kanga kuukuu ya Mama, birika kichwani. "Mimi ni nyumba ya Mnyamwezi," akaanza, kwa sauti nyembamba. "Mvua ikinyesha nje, mimi nanyesha ndani mara mbili. Mlango wangu unalia kuliko mtoto. Nimevumilia moshi, nimevumilia kunguni, lakini kelele za huyu mwanamke ndizo zilizoniua." Akaenda uani akitikisika kama paa letu kwenye upepo. Watu walicheka, hata yule bibi wa misheni alificha uso. Na Mama, aliyekuwa akifanya hila yake tu, akaanza kulia kweli. Alilia kwa ajili ya Baba, nafikiri, kwa sababu mle ndani ndimo alimokatia roho. Wanawake wakamshika.

Nyapara naye akajilaza mlangoni kama ilivyo desturi ya watani. "Maiti haitoki hapa," akasema, "mpaka matanga yaishe."

Ndipo kontrakta akaja na pikipiki yake. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Kilosa, anajua Kiswahili kuliko wengi wetu, na mandazi ya Mama alikwisha kuyala sana. Akauliza kwa nini kazi imelala.

"Pana msiba, kontrakta."

"Nani amekufa?"

"Nyumba ya mama huyu. Mimi mtani wake."

Kontrakta alitema tambuu pembeni. Aliwatazama vibarua, kofia zao mikononi. Aliwajua. Akiwalazimisha kubomoa penye jamvi la msiba, wangeondoka mmoja mmoja na wasirudi. "Matanga siku tatu?" akauliza. Nyapara akaitikia. "Sawa. Lakini Bwana Shauri akiniuliza nani aliyesimamisha kazi, mimi sitasema ni mimi."

"Mwambie ni mimi."

Mama alisikia. Aliinuka jamvini, akaja mpaka pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akisema naye bila tusi. "Kaka, basi. Nilikuwa natafuta siku moja tu ya kuhamisha sufuria. Usiharibu kazi yako. Amka."

"Kaa chini, mfiwa," akamjibu, hajainuka. "Tangu lini mfiwa akampangia mchimba kaburi?"

Kisha aliwageukia vijana wake. Aliwaambia watu wa msibani hawakai bure, na marehemu ameacha mtoto yuko uchi kule ng'ambo ya soko. Wakaelewa. Nusu yao walikwenda kuchimba udongo, nusu wakapanda juu ya paa letu. Waliyateremsha yale madebe moja moja, taratibu, bila kuyakunja, kwa sababu nguo za marehemu ni za mrithi. Mlango wakauchukua na fremu zake. Wanawake walichota maji mtoni kwa foleni. Mimi nilikanyaga udongo mpaka magotini, na nilikuwa na furaha ambayo hadi leo naionea haya kidogo, maana ulikuwa msiba. Kufa kufaana, walisema, na waliimba nyimbo ambazo yule bibi wa misheni alijifanya hazielewi.

Siku ya tatu nyumba mpya ilikuwa imekandikwa, ina paa, ina mlango unaolia vilevile. Nyapara akarudi stesheni, akatoa filimbi mfukoni, akapuliza. Ukuta wetu wa zamani ulianguka upande wa njia, vumbi likatuingia kinywani. Mvua ilishuka kesho yake. Tuliisikiliza tukiwa ndani, Mama na mimi.

Bwana Shauri aliuliza, na kontrakta alijibu. Sikuona siku nyapara alipoitwa ofisini. Niliona tu kwamba filimbi ilikuwa shingoni mwa mtu mwingine, na kwamba asubuhi hazikuwa na matusi tena. Mtani wetu alikuwa amekwenda shambani upande wa Kimamba kukata mkonge, yeye aliyekuwa akiwasimamia watu, sasa amewekwa pamoja na manamba wapya, tena mtu wa umri wake. Mama aliwauliza habari zake wateja waliotoka huko. Walisema yupo.

Ghorofa likapanda. Waliolijenga walikula kwetu, basi nawaambieni ukweli, mgahawa ulinenepa. Wengine walimsifu Mama kwa akili ya ule msiba. Niliona akizidi kukasirika kila akisifiwa, mpaka siku moja alimfukuza mtu na kikombe mkononi.

Mtani wetu alikuja baada ya kumaliza kipande chake cha kwanza. Aliingia, akakaa, akaficha mikono chini ya meza. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, hakuniuliza kama nimeuzwa. Mama aliweka chai mbele yake. Hakuishika. Mama akaelewa kabla yangu. Aliivuta mikono ile juu ya meza, na mimi nikageuza uso. Mkonge una ncha kama sindano na maji yake yanawasha. Kwa mtu asiyeuzoea mikono huvimba na kupasuka. Ile ilikuwa imevimba mpaka vidole havikunji.

Mama alichukua sindano na maji ya moto ya chumvi. Akakaa sakafuni, akaiweka mikono ile mapajani mwake, akaanza kutoa miba. Kati ya watani hakuna asante. Ukimshukuru mtani umemwambia kwamba yeye ni mgeni kwako, na Mama asingemfanyia hivyo kwa lolote.

"Mzaramo mvivu wewe," akamwambia, ameinamia kazi yake. "Hata jani limekushinda. Mwanamume mzima unapigwa na jani. Urefu wa bure, kazi hujui, kazi yako kulala milangoni mwa watu." Akaendelea hivyo, mwiba kwa mwiba, matusi yote aliyoyajua na mengine aliyoyabuni palepale. Yule mtu alifumba macho, akamwachia mikono.

"Endelea, mpagazi," akasema polepole. "Tangu niondoke hapa sijatukanwa na mtu."