Mtu wa Makala Niliyemwacha Mlimani

Nimesoma fizikia chuoni Butembo, na mambo ya mizimu nimeyacheka tangu utoto. Kwa hiyo usifikiri ninataka kukutisha. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa na akili timamu, na mpaka leo sijui niyaelezeje.

Nilikuwa ninajitayarisha kwa mbio za milimani za Beni. Mwalimu wa timu yetu alisema wazi: atakayepanda kutoka mtoni hadi kileleni kwa zaidi ya dakika thelathini, abaki nyumbani. Mimi nilikuwa ninapanda kwa ishirini na nane. Njia yenyewe iko upande wa Musienene, ndani ya msitu wa mikaratusi, nyembamba kama mkanda: kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde. Humo wanapita pia wenye baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia, na za viazi. Walizoea kuniita petit, yaani mdogo, na kunicheka.

"Petit, nani anakufukuza?"

"Hakuna, papa. Ni sport."

"Kuja usukume hii velo, nayo ni sport."

Ilikuwa utani nusu tu. Kwetu ukikuta mtu anapandisha baiskeli yenye mzigo, unaweka mikono nyuma na kusukuma. Na huachi mpaka mwenyewe aseme "basi", maana ukiachia ghafla, mzigo unaweza kumrudisha chini.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Kwenye mwinuko wa mwisho nikamkuta mtu mmoja akipandisha baiskeli yenye magunia mawili ya makala, mgongo umeinama. Hakugeuka.

"Sukuma, petit. Nitasema basi."

Nikasukuma. Uzito ulikuwa wa kweli, niamini. Kamba ilinikata kiganja. Lakini alikwenda polepole mno, na dakika zangu zilikuwa zinaisha. Wewe ungefanya nini? Niliachia, nikakimbia mbele.

Juu, kwa mama mmoja muuza chai, alikuwa ananingoja Kasereka, rafiki yangu anayenipimia muda.

"Ishirini na tisa," akasema. "Na hiyo mikono?"

Ilikuwa myeusi.

"Nimemusukuma mutu wa makala. Anakuja."

"Ulimupita wapi?"

Niligeuka kuitazama njia. Pale hapapitiki. Baiskeli yenye magunia inajaza njia yote. Tulingoja mpaka chai ikapoa, hakuja mtu. Tukashuka. Kwenye matope kulikuwa na alama za viatu vyangu tu, hakuna hata ya gurudumu. Tulichungulia bondeni pia: hakuna kitu. Tuliporudi, mama wa chai aliuliza jambo moja.

"Alisema basi?"

"Hapana, mama."

Akafunika termosi yake.

Tangu siku ile, nikifika mwinuko ule mikono inakuwa mizito, na ninatokea juu kwa dakika thelathini na tatu. Tulibadilisha saa ya kupimia. Nilipumzika wiki nzima. Njia nyingine ninakimbia kama zamani. Siku ya kuchaguliwa ikawa thelathini na tatu tena, na wenzangu wakaenda Beni bila mimi. Uchovu? Woga? Nimejiambia yote mawili, na hesabu haitoki.

Kwa hiyo wewe unayepita njia ile, ukikuta mgongo umeinama mbele yako, sukuma mpaka mwisho, hata kama una haraka. Mimi ninarudi pale kila asubuhi ya ukungu, bila saa, nikitaka tu kumalizia. Bado sijaambiwa basi.