Picha ya Mwaloni Nyarugusu

Nilimwahidi rafiki yangu kwamba mama yake hatajua. Tulikuwa tumesimama kwenye mwalo wa Nyarugusu, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, yeye akiwa na matope hadi mapajani, mimi nikiwa na kamera juu ya kofia ya pikipiki. Nyumbani kwao Buseresere, mama yake aliamini kwamba mwanawe ni karani katika ofisi ya mgodi.

"Ramani ya mtandaoni itafunika sura yako kwa ukungu," nilimwambia. "Hata wewe hutajitambua."

"Nyie wasomi bwana! Haya, piga. Ila mama akijua, nyumbani sirudi tena."

Nilikuwa nikijitolea kupiga picha za barabara ambazo ramani za mtandaoni hazikuwa nazo. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba mtaa usioonekana husahaulika upesi na wenye kugawa maji na zahanati. Imani hiyo ilinitia kiburi. Picha zilipokwisha kuwekwa mtandaoni nilikwenda kumwamkia mama yake, naye akaniomba nimwonyeshe Nyarugusu. Nilifungua simu bila kusita, nikamtembeza mtaa kwa mtaa hadi mwaloni. Sura ya mwanawe ilikuwa ukungu mtupu, nami nikajiona nimetimiza ahadi.

Akanishika mkono. "Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Huyu aliyeegemea koleo, mbona amesimama kama marehemu baba yake?"

Aliisogeza simu karibu na macho, akayatazama yale matope, akaitazama ile miguu isiyo na viatu.

"Ofisi yake iko wapi?"

Mimi, niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu kwamba ramani haipaswi kusema uongo, nilinyoosha kidole kwenye ghala la bati la mnunuzi wa mawe ya dhahabu. "Ile pale, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi ametoka nje kupunga upepo," alisema taratibu.

Nilijitolea kuomba picha ifutwe. Akakataa. "Iache. Nitamwonea wapi kwingine? Wala usimwambie kwamba nimemwona. Nataka arudi."

Rafiki yangu hunipigia simu na kuuliza kama mama amejua. Humjibu kwamba hajui, kisha hubaki nimeishika simu, nikiona aibu mbele ya wote wawili.

Picha ingalipo. Nakuomba, ukipita Nyarugusu kwenye ramani ukafika mwaloni, usimkuze yule kijana mwenye koleo, wala usimtumie mtu picha yake.