Biskuti Iliyotukosesha Magauni ya Idi

Kosa ni langu, jamani, na sitaki mtu anitetee. Mimi ndiye niliyeifunga kompyuta ya mama yangu!

Hapa Guangzhou, China, sina marafiki wengi, nina aibu mno. Nikitoka shule nakaa ofisini kwa Mama nasoma habari za wadukuzi wa zamani, enzi za kompyuta kubwa kama kabati. Si wezi wale, watundu tu! Kitu kisicho na jina walikiita "foo". Ukiuliza swali la kijinga, unaambiwa kasome kitabu. Na walikuwa na utani mmoja: kioo kinaganda, kinadai biskuti. Ukiandika neno "biskuti" kinashukuru, unaendelea na kazi.

Nikautengeneza wa kwangu, kwa Kiswahili, ndani ya kompyuta ya Mama. Nilicheka peke yangu!

Kesho yake akaja laopan, bosi wa karakana ya kushona kule mtaa wa Kangle. Mama akawasha kompyuta amwonyeshe michoro ya magauni ya Idi, ya wateja wake wa Dar. Kioo kikaandika: NIPE BISKUTI.

"Ya Rabi! Wezi wa mtandao!" Mama akaruka. "Mwanangu, wewe si ndiye mtaalamu? Njoo uone!"

Laopan ananitazama. Msaidizi wake anacheka. Uso ukaniwaka moto.

"Sijui, Mama."

Sijui! Neno moja tu la kuandika, nikashindwa!

Mama akachomoa waya, akaikimbiza mashine kwa fundi. Fundi akafuta kila kitu. Michoro aliyoihangaikia Mama tangu mwaka uanze, yote! Alipompigia laopan kumwomba asubiri achore upya, jibu likawa, "Meiyou, meiyou." Hakuna nafasi. Mashine za kushona zilishapewa mteja mwingine.

Nikamsikia Mama akiwatumia wateja sauti: "Nisameheni ndugu zangu, tumevamiwa." Hapo ndipo nikashindwa kuvumilia, nikasema ukweli.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa mimi ningelijuaje hilo neno?"

Wale wadukuzi walitaniana wao kwa wao, kila mmoja alijua kujibu. Mimi nilimtania asiyejua, halafu nikajificha!

Wenzangu, mtanieni anayeweza kuwarudishia. Na mkiharibu, semeni palepale, hata kama aibu inawaua. Maana siku hizi Mama, kabla ya kuwasha kompyuta yake mwenyewe, ananigeukia: "Naruhusiwa?" Msisubiri mama zenu wawaulize hivyo!