Waya Mfupi wa Dafroza

Dafroza ana tabia moja inayoniudhi tangu tulipoanza kupanga kibaraza kimoja hapa Kanazi: jambo lake mwenyewe halifanyi mbele za watu. Akiwa na njaa, atasubiri mteja aondoke ndipo afunue sahani. Akiwa na homa, atasema ni vumbi. Mimi nashona nguo upande wa kushoto, yeye ana steshenari upande wa kulia, na katikati yetu kuna ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyasikia kwa masikio yangu, na niliyoyachungulia niliyachungulia bila aibu.

Watu wanamwita mama kompyuta. Watoto wa kata nzima wamejaziwa maombi ya vyuo pale kwake, na wengine leo ni mabwana shamba wanaopita na pikipiki bila hata kumsalimia. Kompyuta yenyewe ni ile kubwa ya mezani, aliyoipata kwenye mnada mashirika yalipofunga ofisi zao kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole. Huko Lukole ndiko alikoanzia maisha. Alikuwa binti anayeuza ndizi mbivu kwenye lango la kambi, na biashara ilimnogea mpaka shule ikamponyoka baada ya darasa la saba. Mbele ya meza yake ya ndizi kulikuwa na zahanati ya hema. Aliwatazama wahudumu wakipima watoto uzito, wakiwaelekeza kina mama, wakiandika kwenye kadi, akaitamani kazi ile kuliko kitu kingine chochote.

Hakumwambia mtu. Aliolewa na Philbert, dereva wa malori yanayopita Rusumo, akazaa watoto wake, akaanza kuota mvi, na bado hakumwambia mtu zaidi ya Philbert. Alisoma sekondari kwa kujificha, vitabu vikiwa chini ya kaunta, akaenda kufanya mtihani wa kidato cha nne Ngara mjini huku akituaga kwamba anakwenda kununua karatasi. Nami nikamwamini! Aliomba chuo cha afya akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mwaka huu wakamchukua. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha nafasi yake kwenye mtandao kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya Ijumaa. Asiyethibitisha, nafasi inapewa mwingine, na Dafroza alijua kwamba kwa umri wake hawatamwita mara nyingine.

Haya alinieleza baadaye. Ijumaa ile mimi nilichojua ni kwamba jirani yangu hatulii. Mvua ilikuwa imetunyeshea tangu Jumatano, umeme ulikuwa umekatika, na yeye alikuwa anaingia na kutoka, anainuka na kukaa, anajifuta viganja kwenye kitenge.

"Dafroza, unasubiri mgeni?" nikamuuliza.

"Nasubiri umeme."

"Kwani umeme ukija una nini cha haraka?"

"Kazi za watu," akajibu. Mwongo mkubwa yule.

Simu anayo, tena nzuri, lakini ukurasa wa chuo ulikuwa haukubali kufunguka wote kwenye simu. Jina lake aliliona, kitufe cha kuthibitisha hakukiona. Ilikuwa lazima kompyuta.

Na intaneti ya kompyuta hapa kwetu haitoki ukutani. Inatoka kwenye simu. Unachomeka waya, upande mmoja kwenye simu, upande mwingine nyuma ya kompyuta, unaingia kwenye mipangilio ya simu, unawasha pale pa kugawa intaneti, kisha unaomba Mungu. Waya ukitikisika kidogo, pale ulipowasha panajizima, unaanza upya. Dafroza ana waya mrefu wa kufika popote, ila ule unapitisha chaji tu, kompyuta haiitambui simu kabisa. Unaopitisha intaneti ni mfupi.

Tena simu zetu zina ugonjwa wa mpakani. Meza ya Dafroza iko nyuma, upande unaotazama milima ya Burundi. Simu ikikaa pale muda mrefu inauacha mnara wetu, inashika wa ng'ambo. Sisi tunasema simu imevuka. Ikivuka, intaneti inakufa, na saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima, maana wenzetu kule saa yao iko nyuma ya yetu. Kwa ugonjwa huo tumeachwa na mabasi, tumechelewa misa, na mimi binafsi niliwahi kufika harusini watu wanaosha sufuria.

Umeme ulirudi mchana ukiwa umesogea sana. Kompyuta ikawaka. Betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ukikatika inasahau tarehe, inaamka ikidhani ni miaka ile ya kambi. Ikiwa na tarehe ya zamani, kurasa za mtandao hazifunguki. Inabidi uirekebishe kwa mkono. Dafroza aliinama haraka, akatazama simu iliyokuwa mezani pembeni yake, akaandika tarehe, akaandika na saa kama alivyoiona.

Hapo ndipo alipokosea. Simu ilikuwa imekwisha kuvuka. Jambo ambalo angemcheka mtoto wa shule kwa kulifanya, alilifanya yeye, kwa haraka. Kompyuta ikapokea saa ya ng'ambo, ikaanza kuhesabu kutoka hapo.

Alichomeka waya. Intaneti hakuna. Akachomoa, akachomeka. Hakuna. Ndipo mlangoni akaingia Mashimba, mzee wa Kisukuma anayefuga kule Nyakisasa, buti zimejaa matope hadi juu, na nyuma yake binti yake Limi, kanga imemgandia kichwani kwa mvua.

"Shikamoo, mama," Limi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mayu, tusaidie," Mashimba akadakia. Mayu ni mama kwao, na hivyo ndivyo anavyomwita kila mwanamke anayemheshimu. "Huyu amepata chuo cha afya. Wanasema athibitishe leo leo, la sivyo wanamfuta. Balabala yote matope, tumeanguka na pikipiki njiani. Mwaka jana alikosa, akashinda analima. Mwaka huu akikosa sijui nitamwambia nini."

 Chuo ni kilekile cha Dafroza, na muda ni uleule. Mtu mwingine angesema hapo hapo: mzee, nami nina yangu, nisubirini. Mimi ningesema bila hata kumeza mate. Lakini mama mzima kumtangazia Mashimba kwamba naye anakwenda kuvaa sare ya mwanafunzi, Dafroza hawezi. Akatazama pembe ya kompyuta. Saa kumi na moja ilikuwa haijafika.

"Muda upo," akasema. "Ngojeni kwanza nipate mtandao."

Akaichukua simu, akaangalia jina la mtandao, akaguna. "Kumbe imevuka!" Moyoni mwake, aliniambia, alifurahi kuupata ugonjwa, na ile furaha ndiyo iliyomfanya asifikirie kitu kingine. Njia pekee ilikuwa kuipeleka simu kwenye dirisha la mbele, upande wa mnara wetu. Akaivuta meza mpaka ikagonga kaunta. Waya ulifika nusu. Mtu aliyesimama dirishani na kunyoosha mkono ndani angeweza kuishika simu hewani, waya umenyooka, na ikapata mtandao. Kuiweka dirishani haikuwezekana.

"Limi, njoo ushike hapa. Usitikise. Ikijizima, bonyeza hapa kwenye kioo, iwashe tena."

Limi akashika. Baada ya muda simu ikarudi kwetu, intaneti ikaingia, na ukurasa wa chuo ukafunguka taratibu, mstari kwa mstari. Ulifunguka na jina la Dafroza, kwa sababu alikuwa ameacha akaunti yake wazi tangu siku alizokuwa akichungulia majibu, kabla ya umeme kukatika. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa pale chini, kijani. Kubofya mara moja tu kungetosha. Aliniambia kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya. Halafu Mashimba akasogea nyuma yake kutazama, naye kwa aibu akaifunga akaunti yake haraka.

"Tuanze na yako, Limi," akasema. "Mimi nina kakazi kangu kadogo, nitakamalizia baadaye."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha cherehani, nimesimama mlangoni nachungulia. Nilimwona Limi akitazama kompyuta, akatazama simu mkononi mwake, akatazama tena kompyuta, kisha akainamisha macho. Nilidhani anaangalia chaji.

Ilikuwa taabu. Ukurasa unasita katikati, Dafroza anavuta pumzi. Waya unatikisika, intaneti inakatika, Limi anabonyeza kioo kwa kidole gumba, inarudi. Namba ya mtihani ikakataliwa kwa sababu ya mkwaju mmoja, kile kistari kilichoinama, kusahaulika. Mashimba anazunguka chumbani, "Mayu, imekubali? Imekubali?" mpaka Dafroza akamwomba akae. Mimi mwenyewe, ambaye sina mtoto wa kwenda chuo, nilikuwa namwomba Mungu. Dafroza kila mara alikuwa akiitupia jicho ile pembe ya kompyuta, na kila mara alikuwa anaona bado ana muda wa kutosha, anapumua, anaendelea.

Hatimaye ukatokea ujumbe wa kijani: nafasi imethibitishwa. Mashimba alipiga kigelegele, mwanamume mzima, akanishika mikono mimi nisiyehusika, akatoka nje mvuani kumpigia simu mama Limi.

"Hongera, mwanangu," Dafroza akasema. "Endelea kunishikia kidogo. Nami nimalizie."

Akaandika namba yake. Akaandika neno lake la siri. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka. Kile kitufe cha kijani hakikuwepo. Palikuwa na mstari mmoja mwekundu, akausoma kwa sauti: "Dirisha la uthibitisho limefungwa."

"Haiwezekani," akasema. "Bado. Bado kuna muda." Akaweka kidole kwenye pembe ya kompyuta, kwenye ile saa. Akaufungua ukurasa upya. Mstari uleule. Akainuka, akaenda dirishani, akasimama mbele ya mkono wa Limi na kuitazama simu. Kompyuta ilikuwa inasema saa kumi na moja na dakika chache. Simu ilikuwa inasema saa kumi na mbili na dakika chache.

Nilimwona akihesabu kichwani, umeme uliporudi, simu mezani, saa aliyoiandika. Alipofika mwisho wa hesabu alishika dirisha.

"Limi," akasema polepole. "Umeishika hii simu muda wote."

"Ndiyo, mama."

"Saa ulikuwa unaiona."

Binti akaanza kulia bila sauti. Mkono hakuushusha.

"Niliiona."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema tuanze na yangu. Ilikuwa imebaki kidogo sana."

"Na jina langu pale juu?"

"Nililiona, mama. Nililisoma lote."

Nilikuwa na mkasi mkononi na sikumbuki niliutolea wapi. Nilipiga hatua kuingia ndani. Ningemzaba yule binti kibao, sikatai, hata baba yake angekuwepo.  Dafroza aliniinulia kiganja bila kunitazama, nikasimama.

"Ulikuwa unaogopa nini?" akamuuliza.

"Nikikwambia, utaanza na yako."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na nje Mashimba alikuwa anapaza sauti kwenye simu kwa Kisukuma, akilitaja jina la Dafroza kila baada ya neno. Dafroza alirudi akakaa kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa umechoka. Nilingoja atukane, au alie, ili nami nipate la kufanya.

"Hukukosea," akasema. "Ningeanza na yangu."

Akafungua ukurasa wa Limi, akachapisha ile barua ya uthibitisho. Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Akaiangalia kama jina limekaa sawa, akaikunja mara moja, akaitia kwenye bahasha ya nailoni na kuufunga mdomo wake ili mvua isiingie.

Mashimba akaingia akitiririka maji. Aliushika mkono wa Dafroza kwa mikono yake miwili, akainama.

"Mayu, asante. Umemwokoa mtoto wangu. Watu wote wa Nyakisasa watajua." Akageuka. "Limi, halaka, giza linatukuta njiani."

"Asante, baba Limi. Mwende salama," Dafroza akajibu, na akampa yeye ile bahasha.

Limi hakuondoka. Alikuwa bado amesimama dirishani, mkono umenyooka, simu iko hewani na waya haujalegea hata kidogo. Baba yake alimwita mara ya pili. Ikabidi Dafroza ainuke tena, amfuate.

"Shusha mkono, mwanangu," akamwambia. "Hakuna tunachosubiri tena."